Sikio Lako la Kushoto

Sekela mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, na yule msusi wako akianza kichwa hakimalizi kabla ya jioni, kwa hiyo nina saa chache za kukaa peke yangu. Nimesukuma mashine ya kufumia pembeni ya meza ili nipate pa kuandikia. Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari la vipimo vya wateja. Nyuma ya ukurasa wa pili utakuta kifua na mabega ya mtoto wa mtu, usijali.

Juzi uliniambia, "Mama, siku hizi watu hawaandiki barua. Rekodi sauti tu, nitakusikiliza ndani ya basi." Nilijaribu. Jana asubuhi ulipokwenda sokoni nilibonyeza pale ulipokuwa umenionyesha, nikaanza: "Sekela, ni mimi mama yako." Nilirudia mara tatu. Kila nilipofika pale panapotakiwa kusemwa neno lenyewe, nilijikuta naongelea blanketi la kwenda nalo chuoni. Nikafuta zote. Mdomo wangu umezoea kukwepa, nimeona nijaribu mkono.

Basi ya blanketi yameisha, sirudii. Baridi ya Iringa si ngeni kwa mtoto aliyekulia Mbeya. Shangazi yako wa Mlandege anajua utafika saa ngapi. Baba yako atatoka pale Nyololo wanapojenga, asimame kando ya barabara basi lako likipita. Mpungie mkono hata kama dereva hatasimama. Yaliyobaki ni habari ya sikio lako, na ili nifike huko lazima nianze na podikasti, maana bila hizo ningekuacha uondoke hapa Iyunga nikiwa bado sijui chochote, au nikijifanya sijui.

Unakumbuka redio yetu ilivyokufa mwezi ule ulipomaliza mitihani. Mimi bila sauti ya mtu siwezi kufuma. Miaka yote hii nimesukuma mashine kulia na kushoto, kwaruu, kwaruu, masweta ya bluu, ya kijani, ya damu ya mzee, na redio iko dirishani inaongea. Ilipozima, nyumba ikawa kama ina msiba. Siku ya tatu ulinihurumia.

"Mama, kwenye simu yangu kuna podikasti."

"Podi nini?"

"Podikasti. Ni kama kipindi cha redio, ila hiki kinakusubiri wewe. Unachagua unachotaka, unasikiliza saa unayotaka. Mteja akija unakisimamisha."

"Nimsimamishe mtangazaji katikati ya maneno?"

"Ndiyo."

"Akikasirika je?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye marobota ya nyuzi.

Wiki ile ya kwanza nilikuwa kama mtu aliyehamia mji mpya. Tulianza na yule dada anayefuga kuku, ambaye kila akitaja ugonjwa anaugua kwa sauti kama vile ni yeye aliyeugua. Mimi sifugi hata kuku mmoja, lakini nilijua ratiba yote ya chanjo. Halafu wale wawili wanaobishana habari za ndoa, mmoja ameoa na mwingine hajaoa, na asiyeoa ndiye mjuaji. Nilikuwa nawajibu. Ulinikuta siku moja nimeshika mkono wa sweta hewani, namwambia simu, "Wewe kaka, mkeo akikusikia!" Na mteja akibisha hodi nilikuwa nawaambia kwanza, "Subirini kidogo jamani," ndipo nabonyeza. Nilidhani tukicheka sana bando linaisha haraka. Ukanifundisha kupakua vipindi mapema, vikae ndani ya simu kama akiba ya unga, na siku niliyopakua kimoja mwenyewe, bila wewe, nilikwenda kumwonyesha mama wa duka la pembeni kama mtoto aliyejifunza kufunga kamba za viatu.

Sijui kama nimewahi kukuambia kwamba miezi ile ndiyo niliyoifurahia kuliko yote tangu uanze kuongea. Nasema kweli. Kabla ya hapo mimi na wewe tulikuwa tunatumana na kuitikiana tu. Leta maji, chota unga, umefunga mlango? Kumbe kuna binti nyumbani kwangu anayejua kuchekesha, anayejua kubishana kwa hoja, anayesimamisha kipindi aniulize, "Mama, wewe ungefanyaje?" Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kukujua, na nikaja kukujua kupitia simu.

Kwa sababu mashine inapiga kelele, tulitumia hedifoni zako, kidude kimoja wewe, kimoja mimi. Na kila mara ulitaka kukaa upande uleule, mimi nikiwa kuliani kwako. Nikikaa kwingine ulinyanyuka ukahama. Nilidhani unapenda mwanga wa dirisha.

Halafu ikaja ile siku ya mvua. Bati likavuja pale tunapokaa, tukahamishia viti ukutani, na hapakuwa na namna ila mimi nikae kushotoni kwako. Ulikuwa umenyoosha mikono yote miwili umenishikia fungu la nyuzi, nami nazungusha bonge. Mvua ilikuwa inapiga bati, hatusikilizani. Nikachukua kidude kimoja nikajiwekea, kingine nikakuchomeka mwenyewe, sikio lililokuwa karibu nami. Kilikuwa kipindi cha yule bwana anayesimulia alivyokwenda kuposa akaingia nyumba isiyo yake. Nilicheka mpaka bonge likaniponyoka. Nikakutazama. Ulikuwa unacheka pia, lakini ulikuwa unaucheka uso wangu. Kicheko chako kilikuja baada ya changu.

"Umesikia hapo?"

"Nimesikia."

"Kasemaje?"

Ukanitazama mdomo. "Kasema... amechekesha."

Nikadhani kidude kimekatika waya. Nikakichomoa sikioni mwako nikakiweka kwangu. Yule bwana alikuwa anaongea wazi kama amekaa kwenye kiti chetu.

"Mbona kinasema?"

"Kwako kinasema."

"Na kwako?"

Mikono yako ilikuwa bado hewani na zile nyuzi. "Mama, sikio hilo halisikii. Ni la hereni tu."

"Tangu lini?"

"Tangu nijijue."

"Na hukuniambia?"

Ukashusha mikono taratibu. "Nilikuambia. Nikiwa darasa la pili. Ukasema nimeanza visingizio."

Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake mahali alipoweka ufunguo. Kisha ukaniomba nikuwekee kidude upande wa pili, maana yule bwana alikuwa hajamaliza. Nikakuwekea. Ukacheka palepale, kwa wakati wake, kabla yangu.

Mwanangu, tangu dakika ile sijatulia.

Nilikumbuka mwalimu wako wa darasa la pili aliponiita shuleni. Alisema, "Mama Sekela, binti yako hasikii. Nikimwita hageuki. Nikimtuma chaki ananiletea daftari." Kwetu neno ni hilohilo moja. Asiyesikia kwa sikio na asiyesikia kwa kiburi, wote tunasema hasikii. Mimi nikachukua lile la kiburi, kwa kuwa dawa yake ilikuwa karibu. Nikamwambia mwalimu, wewe ukiwa umesimama hapo na sare yako, "Mchape. Mimi nimekuruhusu." Nyumbani ukaniambia, mama, huku sisikii, ukashika sikio. Nami nikakujibu ile methali, sikio la kufa halisikii dawa. Nilikujibu hivyo siku ile na siku nyingine nyingi. Nilikuwa naipenda. Nilijiona mama anayejua malezi.

Nikakumbuka siku ya bombani. Ulikuwa na miaka tisa. Wanawake wamejaa, ndoo zimepangwa, wewe umesimama unaangalia maji yanavyojaa, na upande wako wa kushoto ndio ulikuwa kwangu. Nilikuita mara tatu. Mama mmoja akasema, huyu mtoto ana dharau. Nikakuzaba kofi, upande uleule. Ukageuka ukaitika, "Abee mama," kwa adabu kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza nimekuita. Wanawake wakacheka. Nikaona unanidhihaki. Nikakuongeza la pili.

Hiyo "abee" yako nimekuwa nikiisikia wiki hizi zote ninaposukuma mashine.

Lakini hayo mawili wewe unayajua, ulikuwepo. Ninaloandikia barua hii hulijui.

Ulipokuwa na miaka mitatu sikio lako la kushoto lilianza kutoa maji, kisha usaha. Nilikupeleka zahanati. Muuguzi akatupa dawa ya matone, akaniambia maneno ambayo naweza kuyarudia hata usingizini: "Mrudishe baada ya wiki moja. Kama bado linatoa, tutamwandikia aende hospitali kubwa. Usilipuuze sikio, mama." Baada ya wiki lilikuwa bado linatoa. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa. Nilikuwa nimechukua masweta ya shule nzima, na mwalimu mkuu alikuwa amenisifu mbele ya mafundi wengine kuwa Mama Sekela hachelewi. Sitasema hatukuwa na nauli. Nauli ilikuwepo. Baba yako alikuwepo, angeweza kukupeleka, nikamwambia linaendelea vizuri. Nilipenda kuitwa fundi asiyechelewa. Ni hilo tu, sijapata sababu nyingine nzuri kuliko hiyo, na nimeitafuta.

Jirani akanishauri mafuta ya moto kidogo, yachanganywe na maji ya majani. Jirani alishauri tu, simtupii mzigo. Mkono uliomimina ni wangu. Nilikulaza kichwa mapajani, nikakubana na magoti kwa sababu ulikuwa unapigana. Ulilia mpaka sauti ikakatika. Nilifanya hivyo siku nne.

Na kwa kuwa lilikuwa linanuka, na kanisani watu walikuwa wanasogea mbali kwenye benchi, nikakufumia kofia nyekundu ya kufunika masikio. Ndiyo ile ya kwenye picha uipendayo, ambayo umeniambia unaenda nayo Iringa. Ukiwaonyesha wenzako usiwaambie mama alikupenda sana akakufumia kofia. Nilikupenda, ndiyo, lakini kofia ile niliifuma ili watu wasione.

Mwezi wa pili likakauka. Nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amemponya mtoto. Wakapiga makofi.

Ulipoanza kutoitika, nilijua nini, Sekela? Nimejiuliza sana. Nadhani kuna mahali ndani yangu nilijua, nikapafungia mlango, na kila ulipobisha ule mlango ndipo nilipokuwa mkali zaidi. Mtu akikushangaza kwa ukali uliozidi kosa, angalia ameficha nini. Hilo nimejifunza kwa kujitazama mwenyewe.

Baada ya siku ya mvua, ulipokuwa umekwenda kuchukua cheti chako shuleni, nilichukua simu yako ya zamani uliyoniachia. Kuandika maneno kwenye simu sijakuweza, nikaiuliza kwa mdomo, "Sikio la mtoto kutoa usaha." Ikaniletea daktari mmoja mwanamke ana podikasti, anajibu maswali ya wazazi. Ana sauti ya upole, inaudhi kwa upole. Alisema yote. Kwamba sikio linalotoa usaha halimiminiwi kitu cha nyumbani. Kwamba usaha ukikauka si lazima sikio limepona. Kwamba mtoto asiyeitika anapimwa kwanza kabla ya kuadhibiwa. Alisema, mzazi, kama unanisikia na hili limekupita, usijifiche, mlete huyo mtoto hata kama amekuwa mkubwa. Nilisimamisha pale. Nikafuma sweta zima bila sauti yoyote.

Kwa hiyo tulipokwenda kupimwa, mimi na wewe, nilikuwa nimeshajua. Siku tatu kabla nilikuwa nimeshajua.

Unamkumbuka yule tabibu kijana mwenye kale ka-tochi. Alichungulia, akasema anaona kama kovu lakini hana uhakika. Akaniuliza, "Mama, utotoni aliwahi kutokwa usaha sikio hili?" Ukanigeukia. Ulitaka kujua wewe mwenyewe. Nikamjibu, "Sikumbuki."

Akasema basi, huenda amezaliwa hivyo, alinde tu lile zima. Akaandika.

Njiani wewe ndiye uliyenifariji. Ulisema, "Mama, usijilaumu sasa. Kama nimezaliwa hivyo, nani atakulaumu?" Ukaninunulia ndizi ya kuchoma pale stendi, ukanimenyea ganda lililoungua. Nikaila yote.

Tangu siku ile nimekuwa nasikiliza peke yangu, wewe ukilala au ukitoka. Si vichekesho tena. Nimegundua kuna podikasti watu wanasema mambo ambayo hawajawahi kuyasema nyumbani kwao. Kuna mzee mmoja alisimulia alivyomficha mdogo wake jambo la urithi miaka mingi. Alisema alikuwa anasubiri siku nzuri ya kumwambia, na kila siku nzuri ilipofika aliona haya kuiharibu. Mdogo wake akafariki siku ya kawaida tu, si nzuri wala mbaya. Nikasimamisha. Kipindi hicho sijakimaliza mpaka leo.

Na kitu kingine kilinichoma. Yule mzee nilimsikiliza dakika arobaini bila kumkatiza. Simjui, hanijui, sijui hata sura yake. Nilimpa dakika arobaini. Wewe siku ile ya darasa la pili, umeshika sikio, ulihitaji ngapi? Nne zingetosha. Sikuwa nazo.

Nikampigia baba yako Nyololo, nikamweleza kila kitu, ikiwemo kwamba nilimdanganya na yeye. Akasema, "Mwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea." Ana haki. Kesho ukimwona barabarani ujue anajua, na pengine macho yake yatakuwa mekundu. Hiyo si kazi ya vumbi la saruji.

Sikupi masharti ya kuishi na watu. Umeishi na mimi ukiwa na sikio moja na hukunichukia, hakuna chuo kitakachokufundisha zaidi ya hapo. Ila nimekuona unavyofanya ukiwa hujasikia: unatabasamu, unatikisa kichwa, unasubiri uso wa mwenzako ukuonyeshe cha kufanya. Nadhani hiyo niliifundisha mimi kwa kofi. Huko uendako hakuna atakayekuzaba. Waambie, "Njoo upande huu." Darasani kaa unapotaka kukaa, hata kama ni kiti cha mtu. Mtu akikuita mara tatu akanuna, mwache anune kwanza, halafu mweleze. Wengi watasogea. Mimi ningesogea, kama ningekuwa nimekuelewa, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba ilikuwa ni kuhama kiti tu.

Sikuombi unisamehe ukiwa ndani ya basi. Usinipigie basi likisimama Makambako kwa kuwa tu unajua nasubiri. Kama utakaa wiki bila kunipigia, nitamuuliza shangazi yako kama unakula, basi. Kama utakasirika, hasira hiyo ni yako halali, usiifiche kwa ajili yangu, na usije ukaninunulia ndizi.

Vipindi nimekupakulia. Nimekuwekea vya yule dada wa kuku, na wale wabishi wa ndoa wamefika mahali patamu, asiyeoa amepata mchumba. Nitakuwa nawasikiliza hapa saa kumi, baada ya kuunga mikono ya masweta. Kama siku moja utapenda kusikiliza saa hiyohiyo, tutacheka pamoja hata kama hatusemezani. Usipotaka pia sawa.

Sasa nimalizie, maana jua limefika kwenye ukuta wa jirani.

Alhamisi nilikudanganya tena. Nilisema napeleka masweta mjini. Nilirudi kwa yule tabibu. Nilipanga foleni tangu asubuhi, na kila aliponyanyuka mtu mbele yangu nilitamani foleni irefuke. Nilipoingia hakunikumbuka. Nikamtajia jina lako, akatafuta faili.

Nikamwambia, "Daktari, siku ile uliniuliza swali, nikakujibu uongo."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe hapa, usaha, zahanati, muuguzi, mafuta, siku nne. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Ningelijua hili siku ile nisingemwambia binti arudi nyumbani. Kwa historia hii anatakiwa aonwe na bingwa wa masikio." Nikamuuliza kama utasikia. Akasema hawezi kuniahidi, miaka ni mingi, lakini kuna vipimo havijafanyika na kuna matibabu ambayo bingwa ndiye atakayesema kama yanakufaa. Kwa hiyo uongo wangu wa neno moja ulikuwa umekufungia mlango wa pili, Sekela, mwezi mzima, na ungeondoka nao hivyohivyo.

Akakuandikia rufaa, uende hospitali huko Iringa ukishatulia. Imo ndani ya bahasha hii, nyuma ya barua. Imeandikwa Kiingereza, nikamwomba anisomee kwa Kiswahili nijue umebebeshwa nini. Akasoma: mgonjwa alitokwa na usaha sikio la kushoto akiwa na umri wa miaka mitatu, alitibiwa mara moja, hakurudishwa kituoni.

Nikamwambia, "Hapo mwisho parekebishe."

"Pana kosa?"

"Umesema hakurudishwa, kama vile haijulikani na nani. Andika mama yake hakumrudisha."

Akasema kitabibu haileti tofauti. Nikamwambia kwangu inaleta. Alinitazama kidogo, halafu akakata ule mstari, akauandika upya juu yake na kutia sahihi pembeni. Utaona pamekatwa. Wakikuuliza huko kwa nini karatasi ina alama, waambie mama yako ndiye aliyeomba.

Mimi mama yako,
Iyunga.